Shahidi wa Nne wa Zuhura

Alhamisi iliyopita kijana mmoja aliingia uani kwangu akisukuma baiskeli iliyojaa matope hadi kwenye kiti, akaniuliza kama mimi ndiye Bi Riziki wa Kasongo ambaye nyanya yake alikuwa akimtaja. Hapa mjini tuko akina Riziki watano, lakini nilipomtazama paji la uso nilijua ametoka kwa nani. Alikuja kuniambia kuwa Zuhura amezikwa Kabambare, amezikwa vizuri na watu wengi, na kwamba kabla ya kufa aliagiza habari hiyo niletewe kwa mdomo wa mtu, isiletwe kwa karatasi. Nilimpa wali na sombe ya majani ya muhogo, nikamwacha ale, nikaingia chumbani kulia. Nililia kama mtu aliyefiwa, na nililia pia kama mtu aliyetuliwa mzigo, na sioni aibu kusema yote mawili. Katika ule mwaka mmoja tuliokaa pamoja nilishuhudia mbele ya Mungu na watu jambo ambalo sikuliona kwa macho yangu, na uhuru wa Zuhura ulisimama juu ya ushahidi huo. Akiwa hai, ningethubutu vipi kufungua mdomo? Sasa amekwenda mahali ambapo hakuna mrithi awezaye kumdai, na mimi mwenyewe sina siku nyingi. Basi niandike, kabla mkono haujaanza kutetemeka zaidi ya hapa.

Kwetu na wazazi wangu nawaacha, si habari ya leo. Naanzia chumbani. Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipoletwa Kasongo kuwa mke wa Hamadi. Hamadi alikaa nami mwezi mmoja, kisha akarudi Kabambare kwenye biashara yake ya pembe na chumvi, akaniacha nyumbani kwa baba yake mkubwa, Mzee Nasoro. Huo ulikuwa mji wa zamani wa Kasongo, kabla vita na Wazungu havijauvunja na sisi kuhamia hapa tulipo. Nyumba ya Mzee ilikuwa ya udongo, kuta nene kiasi cha mtu kukaa dirishani na kukunja miguu, na ndani kulikuwa na ubaridi hata jua likiwa utosini. Chumba changu kilikuwa cha mwisho, nyuma ya ghala la mpunga, kwa hiyo mwaka wote ule nilinusa mpunga na nikasikia panya wakigombana juu ya mpunga. Nililia siku tisa. Siku ya kumi mwanamke mmoja aliingia na bakuli la wali uliotiwa mawese na samaki mkavu wa Lualaba, akakaa chini, akaanza kula mwenyewe bila kunikaribisha, akisifu kila tonge, mpaka hasira ikanipanda nikamnyang'anya bakuli. Huyo ndiye Zuhura. Alikuwa suria wa Mzee Nasoro, yaani mjakazi ambaye bwana amemchukua chumbani kama mke bila kumuoa, na alinizidi miaka sita hivi. Mke wa ndoa alikuwa Bi Asha, tuliyemwita Bibi Mkubwa, ambaye Mungu hakumjalia mtoto. Zuhura alikuwa Mubangubangu kwa kabila, alichukuliwa mateka utotoni mahali fulani karibu na Kabambare. Alikumbuka jina la mto wa kwao na sauti ya mama yake akiita kuku. Zaidi ya hayo hakukumbuka kitu, au hakutaka kukitoa.

Katika nyumba ile, na mji ule wote, neno mungwana halikukauka midomoni. Mzee Nasoro, aliyekuwa mtu wa Pwani, alilitamka kwa uzito na kulirefusha, mwungwana, kama anayepanda ngazi. Kwake yeye lilimaanisha mtu aliyezaliwa hana bwana, na baba yake hana bwana, na babu yake hivyo hivyo. Lakini Kasongo haikuwa Pwani, na huku neno lilikuwa limelegea mishono. Ukinawa, ukiswali, ukavaa kitambaa badala ya maramba ya nyuzi za majani, ukala wali kwa mkono wa kulia na kusema Kiswahili bila kuchanganya Kizimba cha wenyeji mno, watu walikuita mungwana na wewe ukaitika. Mpiga bunduki wa bwana fulani, ambaye bunduki si yake wala mgongo wake si wake, alipita sokoni kifua mbele akiwaita wakulima washenzi, naye akiitwa mungwana. Mimi nilizaliwa katika jina hilo, nikadhani ni neno la heshima tu, hadi siku moja sokoni nilipomsikia mama mmoja wa kijijini akimtisha mtoto wake aliyekuwa akilia: nyamaza, wangwana watakusikia. Mtoto alinyamaza papo hapo. Nilikuwa nimesimama karibu naye nikichagua mihogo, na nilirudi nyumbani bila mihogo.

Miezi mitatu baada ya mimi kufika, Zuhura alikuwa na mimba, na nyumba nzima ilibadilika sauti. Mzee Nasoro, ambaye alikuwa amezeeka bila kuitwa baba, alianza kuingia jikoni, jambo ambalo Bibi Mkubwa alisema linaharibu mchuzi. Bibi Mkubwa mwenyewe, ambaye ningemtarajia awe na wivu, alikuwa akimwekea Zuhura vipande vya ini. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba nyumba isiyo na mtoto ni baridi kwa wanawake wote waliomo, si kwa mmoja tu. Mimba ilifika mwezi wa tano. Kisha siku moja adhuhuri, tukiwa tunapeta mchele, Zuhura aliweka ungo chini polepole, akasema mgongo wake umekatika. Alilazwa kwenye mkeka chumbani kwangu kwa sababu ndicho kilikuwa karibu. Tulikuwa wanawake watano kando yake. Bibi Mkubwa; Mama Feza, mkunga wa mtaa, mwanamke mwenye nyumba yake na shamba lake; Bi Mariamu jirani, aliyekuja kuazima kinu akabaki; mpishi wetu Kamwanya, mjakazi wa nyumba, aliyeshika beseni; na mimi. Mimi nilikuwa kichwani pa Zuhura, nimemshika mabega. Mama Feza aliposema kimetoka, njooni muone ili msije mkaniambia nimeficha, wengine waliinama wakaona. Mimi sikugeuza shingo. Niliogopa, nilikuwa na miaka kumi na sita na nilidhani ukiangalia kitu kama kile tumbo lako nalo linajifunza. Kamwanya alikifunga katika kitambaa cheupe, akakizika mwenyewe nyuma ya jiko. Mzee Nasoro alikaa barazani hadi Magharibi bila kuvua kofia.

Baada ya hapo ndipo kosa letu lilipofanyika, na lilikuwa kosa la Kasongo hasa, sidhani kama watu wa mji mwingine wangelifanya. Watu wote walianza kumwita Zuhura mungwana. Mzee alianza, kwa huruma, akasema mwanamke aliyembebea mtoto, hata kama Mungu alimchukua mapema, si mjakazi tena. Majirani wakafuata, watumishi wakafuata, hata mwalimu wa msikitini alipomtumia salamu alisema mungwana Zuhura. Alipewa kitambaa kipya, akapewa nafasi kwenye mkeka wa Bibi Mkubwa. Bibi Mkubwa, ambaye alikuwa na akili kuliko wanaume wa nyumba ile, alimwambia Mzee aandike hati mbele ya mashahidi, mambo yaishe. Nilimsikia Mzee akimjibu kupitia ukuta, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, kwamba hati ya nini, nani Kasongo hii asiyejua Zuhura ni mungwana? Alikuwa ameishi huku muda mrefu mno, akasahau kwamba huku neno hilo tulikuwa tunaligawa kama maji ya kunawa. Siku ya haki, adabu ya majirani haisomwi.

Mwezi uliofuata tulipata mgeni, Mwingereza aliyekuwa akipita kwenda Nyangwe, homa ikamwangusha mlangoni kwetu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alikaa majuma sita, na jembe lingemlaza. Alikuwa mrefu, wa rangi ya maganda ya vitunguu, na kitu pekee alichotaka kutoka kwetu ni maneno. Alikaa barazani amejifunika blanketi juani, na kijana wake wa Unguja, Farjala, aliyesomeshwa na wamisheni na kukijua Kiingereza, alimuulizia jina la kila kitu naye akaandika katika daftari. Bibi Mkubwa alisema ataondoka na maneno yetu yote tubaki mabubu. Sisi wanawake tulikaa nyuma ya pazia la kaniki tukichambua mchele, na sijawahi kuchambua mchele safi kama majuma yale, maana hakuna aliyetaka kuinuka.

Alasiri moja mgeni aliuliza neno mungwana maana yake nini na limetoka wapi. Mzee Nasoro alikohoa, akasema mwungwana ni mtu asiye na bwana ila Mungu, na kwamba neno limetoka Pwani. Farjala akasema Pwani nako lilitoka kaskazini, kwa wakuu wa miji ya zamani. Jirani mmoja aliyekuwapo akasema hapana, limetoka Uarabuni. Niliona kila mmoja analipatia neno lile asili ya mahali ambapo yeye mwenyewe angependa ajulikane ametoka. Mgeni alisikiliza wote, akaandika, kisha akasema kirefu, na Farjala akayageuza kwa Kiswahili. Alisema kwao mtu asiye na bwana huitwa fri, neno dogo ambalo hata mtoto analisema mara ishirini kwa siku bila kulifikiria. Lakini wasomi wao wamelichimba, wakakuta kwamba kale sana, kabla hawajajua dini wala kuandika, mzizi wa neno hilo ulimaanisha kupenda. Nyumbani mwa mtu wa kale kulikuwa na watu wa namna mbili. Kulikuwa na wale wa damu yake, wapendwa wake, na kulikuwa na watumwa. Wale wapendwa ndio walioitwa hivyo, na kwa kuwa wapendwa ndio hao hao wasiouzwa wala kufungwa, maana ikahama taratibu kutoka kwa moyo kwenda kwa hali ya mtu. Na rafiki, kwao, ni neno la tumbo moja na hilo. Mzee Nasoro alicheka, akasema Waingereza ni watu wa ajabu, sheria wanaitafuta kifuani. Mgeni hakucheka. Aliuliza kama katika nyumba hii wapo watumwa. Farjala hakuligeuza swali hilo, alikuja kutuambia siku nyingine. Alisema bwana amechoka na jua limekuwa kali.

Nyuma ya pazia Zuhura alikuwa ameacha kuchambua. Baadaye jikoni, Kamwanya akiwa nje anakata kuni, aliniuliza kama nimesikia vizuri, kwamba kule mpendwa na mtu huru lilikuwa neno moja. Nikasema ndivyo alivyosema.

"Basi kule ningekuwa huru zamani," alisema. "Hapa kila mutu ananipenda. Mzee ananipenda, Bibi Mukubwa ananipenda, weye unanipenda. Lakini nikitaka kwenda Kabambare kutafuta kama mama yangu iko muzima, nani kati yenu atanifungulia mulango?"

Alisema akicheka, akipuliza moto, na mimi nikacheka pia, nikamwambia angekufa kwa kukosa wali wetu. Nakumbuka kicheko changu hicho kuliko mambo mengi mabaya zaidi niliyoyafanya maishani. Alichobakiwa nacho cha kwao ni jina la mto na sauti ya mama akiita kuku, na mimi nilimjibu kwa wali.

Mgeni alipona, akaenda zake. Mpunga ulianza kuiva. Mzee Nasoro alikwenda shambani asubuhi moja kuangalia ndege wanaokula nafaka, akarudi akisema kichwa kizito, na kabla ya Ijumaa tulimzika. Bibi Mkubwa aliingia eda chumbani mwake. Hamadi aliletewa habari Kabambare, akafika na wachukuzi baada ya majuma mawili, vumbi hadi kwenye nyusi, na alimlilia baba yake mkubwa kwa kweli, sitaki mtu amfikirie mume wangu vibaya. Yeye ndiye mrithi mwanamume. Alipoanza kupanga urithi, alitaja nyumba, mashamba, bunduki, pembe zilizofukiwa, watumwa wa shamba, Kamwanya, na Zuhura. Alilitaja jina la Zuhura bila ubaya, kama anavyotaja wengine. Kisha akanigeukia, na uso wake ukawa laini, akasema huyu ni wako. Alikuwa amesikia jinsi tulivyoshibana, akawaza anifurahishe. Alisema sitalia tena Kasongo, nitakuwa na mtu wangu maisha yangu yote, na popote tutakapohamia Zuhura atakuwa nyuma yangu.

Na mimi nilifurahi. Hili ndilo gumu kuliandika kuliko uongo wenyewe. Jioni nzima ile nilifurahi. Nilikuwa nimeogopa kwamba nyumba itavunjika na Zuhura atakwenda, sasa nikaambiwa haendi popote. Nilikwenda kumwambia, nikamkuta anakunja nguo za marehemu. Nilipomaliza kusema aliendelea kukunja, pindo juu ya pindo, hadi nguo ikawa ndogo kupita kiasi, ndipo akaniambia asante. Kesho yake asubuhi alivaa kile kitambaa alichopewa na Mzee, akaenda msikitini peke yake, akasimama nje, akamwambia mwalimu kwamba yeye ni mungwana na anadai haki yake.

Mwalimu wetu alikuwa mzee mwenye kikohozi, mwenye kusoma kitabu polepole na kuogopa Mungu haraka. Alikuja barazani kwetu, akaeleza sheria mbele ya Hamadi na sisi tukiwa nyuma ya pazia. Suria akimzalia bwana wake, siku bwana anapokufa yeye ni huru, na hakuna mrithi wa kumgusa. Hata kama mimba iliharibika, mradi umbo la mtu lilikuwa limeonekana. Kuitwa mungwana na majirani, alisema, na hapo alikohoa kwa haya maana naye alikuwa amemwita, si kitu. Hati hakuna. Basi ni lazima mashahidi, na kwa kuwa ni jambo la chumba cha wanawake, wanatosha wanawake, lakini wawe wanne, waaminifu, na wote wawe wangwana wa kweli, wa kuzaliwa au wa kuachwa huru. Hamadi akauliza wakiwa watatu je. Mwalimu akasema wakiwa watatu, Zuhura ni urithi wako. Alitupa siku tatu.

Tulihesabu haraka. Mama Feza, Bibi Mkubwa, Bi Mariamu. Kamwanya aliona kuliko wote, ndiye aliyefunga na kuzika, lakini Kamwanya ni mjakazi na jicho lake halikuingia katika hesabu. Wa nne ni mimi. Bibi Mkubwa aliniita chumbani mwake, akaniambia, bila kuuliza, kwamba nilikuwapo na niliona. Nikasema nilikuwapo. Akasema niende nikafikiri. Zuhura hakuniomba. Hakunitajia, hakunisuka nywele kwa upole zaidi, hakuninunia. Kama angeniomba, ningeweza kumkasirikia, na hasira ingenisaidia.

Siku mbili nilikaa katika harufu ile ya mpunga nikijibishana na nafsi yangu. Nikisema sikuona, nitakuwa nimesema kweli, mume wangu atafurahi, na Zuhura atakaa nami hadi kufa. Nikisema niliona, nitakuwa nimedanganya mbele ya Mungu, nimempinga mume wangu, na Zuhura atakwenda. Kweli na faida zilikuwa upande mmoja, na mimi tangu utotoni nilifundishwa kwamba hizo mbili zikikutana mtu ashukuru. Lakini maneno ya yule Mwingereza yalinisumbua. Wazee wake wa kale walisema anayependwa ndiye asiyefungwa. Mimi nilimpenda Zuhura, hakuna aliyenipa maisha katika nyumba ile ila yeye, na kitu nilichotaka kumfanyia kwa upendo huo ni kumfunga. Kamba niliyoishika ilikuwa ni upendo wangu wenyewe. Ama wazee wale walijidanganya, ama upendo wao ulikuwa wa namna ambayo mimi sikuwa nayo bado.

Siku ya tatu asubuhi nilikwenda jikoni, nikamuuliza Kamwanya aliona nini siku ile. Aliangalia mlango kwanza.

"Mutoto wa kiume," alisema. "Mikono iko miwili, vidole iko yote. Kile kidogo cha kushoto kilikuwa kimekunjwa, hivi."

Nilimuuliza kwa nini hakwenda kumwambia mwalimu hata kama hatahesabiwa. Akarudisha macho kwenye chungu.

"Macho yangu yalikuwa ya Muzee," akasema. "Sasa ni ya bwana yako. Yatamusemea nani?"

Alasiri ile baraza ilijaa. Sisi tulikaa nyuma ya pazia, Bibi Mkubwa katika nguo zake za eda, uso kwa ukuta. Mama Feza alisema aliona umbo la mtu, ameshika watoto wengi na anajua. Bi Mariamu alisema hivyo hivyo kwa sauti ndogo. Bibi Mkubwa alisema aliona, na kwamba alitamani awe wake. Hakuna mwanamume aliyejua mahali pa kuweka macho. Kisha mwalimu akaniita kwa jina la mume wangu, mke wa Hamadi, akanionya kwamba ushahidi wa uongo unamtafuta mwenyewe hata kaburini. Nilimsikia Hamadi akikaa vizuri kwenye mkeka. Yeye hakuwa na wasiwasi. Alijua nitasema nini kwa sababu alijua ninachokitaka.

"Niliona vidole," nikasema. "Kile kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimekunjwa."

Mama Feza aligeuka, akanitazama, akasema taratibu, kama mtu aliyekumbushwa, kwamba ndiyo, kilikunjwa. Yeye hakuwa amelitaja hilo. Mwalimu akasema mke anayeshuhudia dhidi ya faida ya mumewe hana sababu ya kusema uongo, akafunga kitabu, akatamka kwamba Zuhura amekuwa huru tangu saa aliyokufa Nasoro. Mwalimu yule alikuwa mtu mwema na alikosea sababu tu. Nilikuwa nimemkopesha Kamwanya mdomo wangu, nikayavalisha macho yake jina langu, na hadi leo sijui Mungu amelihesabu jambo hilo upande gani. Nimemuuliza mara nyingi. Ninatarajia jibu karibuni.

Hamadi hakunipiga wala kunifokea. Alikula chakula chake siku mbili bila kunisemesha. Siku ya tatu, akinawa mikono, aliniuliza kama ni kweli niliona. Nikasema ndiyo. Uongo huo wa pili ulitoka bila taabu yoyote, na ni huo ulionitisha. Akasema vema, basi haki imetendeka, akanikabidhi kitambaa cha kufutia mikono, na hakulirudia tena neno hilo katika miaka yote tuliyoishi pamoja. Labda alinijua. Wanaume wa aina yake husamehe kwa kutokuuliza.

Zuhura alisubiri eda yake iishe, kwa adabu, ingawa kila siku nilimwona akiipima njia kwa macho. Mpunga ulikuwa umekwishavunwa alipopata wanawake waliokuwa wakipeleka samaki wakavu Kabambare, wakakubali kwenda naye. Bibi Mkubwa alimpa hati, safari hii imeandikwa na kushuhudiwa, imeshonwa ndani ya kitambaa. Mimi nilimpa mkeka wangu. Nilimsindikiza hadi mwisho wa mashamba, tukitembea kati ya mabua makavu yanayochoma miguu, tukizungumza habari za chumvi na mvua, maneno ya watu wanaoogopa kuzungumza. Wenzake walipotangulia, alisimama, akaitengeneza ngata kichwani.

"Weye hukuona kitu siku ile," alisema.

Nilidhani anataka kunirudishia uhuru wake kwa kuwa una doa.

"Ndiyo maana sikukuomba. Wengine wote waliangalia mutoto, na walifanya vizuri. Weye uliangalia uso wangu tu, tangu mwanzo mupaka mwisho. Nilikuona. Nilikuwa nasema moyoni, hata nikikufa, iko mutu mumoja ananiangalia miye."

Nilitaka kumwambia nilikuwa naogopa, si zaidi ya hapo. Nilitaka kumwambia kwamba nilifurahi nilipoambiwa yeye ni wangu. Badala yake nilimsaidia kuinua mzigo. Alinishika shavu kwa kiganja kilichonuka samaki, akaniita ndugu yangu, akaondoka haraka kuwafikia wenzake, na nilimwona akiwapita na kuwa wa mbele. Alimkuta mama yake hai. Hilo lililetwa na wachukuzi mwaka uliofuata, na kwa hilo nimemshukuru Mungu kila siku hata ninapomwogopa.

Nilirudi nyumbani peke yangu. Nyumba ilikuwa kimya, Hamadi ametoka, Bibi Mkubwa amelala. Jikoni Kamwanya alikuwa akipeta mchele, makapi yamemjaa nywele ambazo zilikuwa nyeupe hata bila makapi. Alikuwa na umri wa kunizaa, na mwaka mzima nilikuwa nimemwita Kamwanya tupu, kama tulivyofanya wote, wakubwa kwa watoto; maneno ya upole kwa mjakazi tuliyaweka kwa siku za msiba. Nilikaa chini mbele yake, nikavuta ungo wa pili, nikamwita mama.

Aliacha kupeta, akanitazama kwa hofu.

"Nani amekufa?" akaniuliza.